Pesa ya kushuka



Mwezi wa saba unakaribia na masomo yatafungwa. Watoto wameanza lile swali lao la kila mwaka: "Mama, likizo kubwa tutaenda wapi?" Vikundi vitatu vimetuomba tueleze namna tulivyotayarisha safari yetu ya Idjwi, wamama 9 na watoto 23, kutoka Bukavu. Tutaeleza yote, hata sehemu inayotuletea haya, maana ndiyo iliyotufundisha kuliko nyingine.

Kwanza tuseme kwamba kuvuka ziwa na jamaa ni furaha kubwa. Kuna mtoto wa Bukavu anayeliona ziwa Kivu kila asubuhi akienda masomo, lakini hajawahi kukanyaga kisiwa. Siku anapoona mji wake ukiwa mdogo kule nyuma, anapokula nanasi la Idjwi katika shamba lililolizaa, anapowaona wavuvi wa sambaza wakitoka jioni na mitumbwi yao mitatu iliyoungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikiwaka, anajifunza jiografia ambayo sisi walimu hatuwezi kumfundisha kwa chaki. Kwa hiyo hatuandiki ili kuwatia woga mbaki nyumbani. Tunaandika ili mwende, kisha mrudi.

Yaliyotupata mwaka wa kwanza

Mwaka wa kwanza tulitayarisha vizuri, hivyo tulidhani. Tulihesabu nauli ya kwenda na ya kurudi, tukanunua unga, mchele na mafuta, tukafunga vikwembe vya kulalia. Siku za Idjwi zilikuwa tamu. Siku ya kurudi chakula kilikuwa kimekwisha, pesa ilikuwa imebaki ya nauli tu, na kesho yake kila mmoja alikuwa na kazi: soko, shamba, ofisi.

Boti lilipofika lilikuwa limejaa tayari. Tulipanda. Wakaongeza magunia ya makaa, wakaongeza mbuzi, wakaongeza watu. Mtoto mmoja wa mwaka wa nne wa masomo ya msingi alikuwa akisoma maandishi yaliyopakwa ubavuni. Akasema kwa sauti: "Mama, pale wameandika watu 60. Mbona sisi tuko wengi?"

Tulimwambia anyamaze.

Tulifika salama. Watoto waliruka bandarini wakicheka. Lakini usiku ule wengi wetu hatukupata usingizi, na tulipokutana siku ya posho, neno la kwanza lilikuwa la yule mtoto. Tumemfundisha kusoma, tumemfundisha kuhesabu. Siku alipotumia elimu yake kwa jambo la uzima na kifo, tukamfunga mdomo. Kwa nini? Hatukuwa wajinga. Sote tulikuwa tumeona. Tulipotafuta sababu tuliikuta ni moja: hatukuwa na pesa ya kushuka. Tungeshuka, tungelala wapi? Tungekula nini? Tungelipa boti lingine na nini?

Msidhani tulijitisha bure. Tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka 2024, boti lililotoka Minova lilizama karibu sana na bandari ya Kituku, Goma, watu wa pwani wakitazama kwa macho yao. Wakuu wa jimbo walisema lilikuwa na watu 278, nalo ni boti la watu 80. Mama wengi walikuwa ndani wakienda soko. Tusiwahukumu marehemu hata kidogo. Huenda wengi wao walipanda kwa sababu ile ile iliyotupandisha sisi: siku inapita, biashara inangoja, na mfukoni hakuna pesa ya kungoja boti la kesho.

Akiba yenye mifuko miwili

Mwaka wa pili tulianza mapema, mwezi wa kumi na moja. Kila juma, kila mama alileta franka 3,000 kwenye akiba ya kikundi. Franka 2,000 ziliingia katika mfuko wa safari, na franka 1,000 ziliingia katika mfuko wa pili tulioupa jina la "pesa ya kushuka". Kwa majuma 34, kila mama alikuwa na 68,000 za safari na 34,000 za kushuka. Mfuko wa pili wa wamama wote 9 ulifika franka 306,000.

Kazi ya mfuko huo ni tatu tu: nauli ya pili ya kila mtu, chakula cha siku mbili, na mayunite ya simu ya kuwaeleza walio nyumbani. Hauguswi kwa vikwembe wala kwa zawadi. Msipoutumia, mnarudishiana pesa zenu mkifika, na watoto wananunua madaftari ya mwezi wa tisa.

Kukata shauri mkiwa bado nyumbani

Bandarini si mahali pa kufikiri. Mtu wa boti anapiga kelele, "Mama, panda tu, tunaondoka!", wabeba mizigo wanasukuma, mtoto analia. Kwa hiyo tulikata shauri nyumbani, tukaandika alama tatu. Ya kwanza: watu wamepita hesabu iliyoandikwa, au mizigo ni mingi mpaka boti linalala upande. Ya pili: hakuna jile kwa kila mtu. Ya tatu: ziwa limechafuka, au mwendeshaji amelewa. Tukiona moja tu, tunashuka wote. Hatupigi kura bandarini, na hakuna atakayeitwa mwoga.

Waume pia walielezwa kabla. Mama, usimngoje papa wa watoto asikie habari kwenye simu siku ile ya kushuka. Mwonyeshe zile alama tatu mezani, akiwa ameshiba.

Jile na mtoto

Jile, yaani lile koti la kuelea, halimfai kila mtu kwa kipimo kimoja. Jile la mtu mkubwa humponyoka mtoto mara anapoingia majini. Mvalishe, funga kamba zote, kisha shika mabega ya jile uyavute juu. Likipanda mpaka masikioni mwake, ni kubwa, halimfai. Zuri kwa mtoto mdogo ni lile lenye kamba inayopita kati ya miguu. Sisi tulinunua majile ya watoto kwa pesa ya kikundi, kidogo kidogo, nayo yanaazimwa na kila mwanachama anayesafiri. Linavaliwa kabla ya kupanda, linavuliwa baada ya kushuka. Jile lililokaliwa kama mto halimsaidii mtu.

Kwa wenye kunyonyesha: ndani ya boti usimbebe mtoto mgongoni. Jile humgeuza mtu akaelea chali, uso juu. Mtoto aliyefungwa mgongoni atakuwa chini ya maji. Mpakate mbele, na kikwembe kisifungwe kwa fundo lisilofunguka kwa mkono mmoja.

Zoezi katika parsele

Hata wenye meli kubwa kabisa za bahari walijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwezi wa kwanza mwaka 2012, meli ya kitalii Costa Concordia, yenye watu zaidi ya 4,000, wengi wao wakiwa likizoni, iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia. Watu 32 walikufa. Abiria waliopanda siku ile ile walikuwa bado hawajafanyishwa zoezi la kujiokoa. Baada ya hapo sheria ya bahari ilibadilishwa: zoezi lifanywe kabla ya meli kuondoka, au mara tu inapoondoka.

Kwenye maboti yetu, zoezi hilo hatujawahi kuliona. Basi tulilifanya wenyewe, katika parsele ya mmoja wetu, jioni tatu. Tulipanga viti kama ndani ya boti. Kila mtoto alijifunza kuvaa jile lake akiwa amefumba macho, kupiga filimbi, na kumjua mkubwa wake. Kila mama alikuwa na watoto wawili au watatu wa kushika, hata wasiotoka tumboni mwake. Tulikuwa tumeona kwamba pale kila mama anapowatazama watoto wote, kuna mtoto asiyetazamwa na mtu. Watoto walicheka sana. Jioni ya tatu walivaa majile kabla hatujamaliza kuhesabu mpaka 30.

Majina, maji na mzigo

Majina ya wote yaandikwe kwenye orodha ya abiria, hata mtoto wa mwezi mmoja. Wakisema, "Watoto hawaandikwi," simama hapo mpaka waandike. Mtu asiyeandikwa hatafutwi. Nakala nyingine muachie ndugu aliyebaki: majina, umri, rangi ya nguo, jina la boti na saa ya kuondoka. Huyo ndiye atakayengoja simu yenu.

Maji ya kunywa mtoke nayo nyumbani, yaliyochemshwa, katika mabido yaliyooshwa. Ziwa ni zuri kwa macho, lakini maji yake yakinywewa bila kuchemshwa huleta kipindupindu. Chukueni pia sukari na chumvi. Mtoto akiharisha, maji safi lita moja, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo mkielekea kituo cha afya. Kwa kichefuchefu cha ziwa, mtoto akae katikati ya boti, atazame mbali pwani, ale kitu kikavu kidogo. Mzigo uwe mwepesi kiasi kwamba kila mama ana mkono mmoja mtupu.

Na asubuhi ya safari waulizeni wavuvi. Wakikataa kutoka, nanyi msitoke.

Siku tuliyoshuka

Mwaka huo wa pili kwenda kulikuwa kwema. Siku ya kurudi tulifika pwani ya Idjwi saa moja asubuhi. Tulilipa, tukapanda, tukaanza kuhesabu. Boti la watu 60 lilikuwa na watu 94, na bado walikuwa wakipakia ndizi. Tukatazamana. Mmoja wetu, mama asiyependa maneno mengi, akamshika mtoto wake mkono, akasimama, akashuka. Nasi tukamfuata, wote 32.

Tulidai nauli yetu. Mwenye boti alikataa. Abiria walitucheka: "Wamama wa mjini wanaogopa maji!" Kijana mmoja alitupungia mkono mpaka boti likawa dogo. Mume mmoja alisema kwenye simu, "Mmetupa pesa majini." Mke wake akamjibu, "Ndiyo, pesa tu."

Na tuwaambie ukweli, wamama. Boti lile lilifika Bukavu salama salimini. Jioni tulipata habari. Baadhi yetu tuliona haya, tukajiuliza kama tumepoteza pesa za wenzetu bure. Tulizungumza usiku kucha kwenye uwanja wa wenyeji wetu, tukila bugali na sambaza zilizonunuliwa kwa mfuko wa pili. Mwisho tulikubaliana hivi: boti lililojaa hufika mara nyingi, ndiyo maana watu huendelea kulipanda. Hatukushuka kwa sababu tulijua litazama. Tulishuka kwa sababu hatukuwa na ruhusa ya kujaribu bahati kwa watoto 23.

Boti la pili lilipatikana baada ya siku mbili. Yule mtoto wa swali, sasa yuko mwaka wa tano, alikuwa wa kwanza kusoma maandishi ya ubavuni. Alihesabu abiria kwa kidole, kwa sauti, na safari hii hakuna aliyemnyamazisha. Akafika 52, akatutazama, akakaa, akafunga kamba za jile lake.

Wamama, juma hili mkikutana, kabla ya kuzungumza mtaenda wapi, fungueni mfuko wa pili. Uanze hata kwa franka 500. Kisha mwandike alama zenu tatu kwenye karatasi, kila mmoja atie sahihi, na watoto wakubwa watie pia. Idjwi itawangoja.

Tukutane juma lijalo.