Nyanya Zetu Katika Hati za Mashamba

Nasaba tuzihifadhizo kwa ulimi hutaja wanaume, fulani bin fulani. Anayetaka kumjua mama wa babu yake na afungue hati ya mirathi: kadhi hagawi asipomtaja mke na thumuni yake, mama na sudusi yake, na kila binti. Kisha ziko za ardhi. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye mashamba pwani wathibitishe madai yao; ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Kiingereza. Enyi jamaa wa Ganda, twawasihi msizichome karatasi kuukuu za sandukuni. Anzeni na ya karibuni, mrudi nyuma. Someni hata majirani wa mipakani, huenda ni wakwe. Na akitokea binti ambaye fungu lake halikumfikia, wazawa wake watafutwe.