Taa za tablo zikizimika, shuka uangalie nyuma



Mwezi huu ninajibu ulizo lenye limetufikia kutoka kwa baba mumoja, shofere wa kamyoneti. Anasema motere yake iko nzima, taa kubwa za mbele zinawaka, lakini usiku tablo yote iko giza. Haoni mwendo, haoni mafuta. Anauliza: « Pasta, njia ninaijua, motokari ninaijua. Niko na lazima gani ya kuhangaika juu ya kitu kidogo hivi? »

Jibu ni hili: baba, hangaika, na usingoje kesho. Si juu yako peke yako. Ni juu ya ule mwenye kukufuata nyuma.

Sikilizeni sababu. Katika Toyota Hilux nyingi za zamani, zile zenye tunaziona kila siku huku kwetu, taa zenye kuangazia tablo na taa nyekundu za nyuma zinapata umeme kupitia fizible moja. Kwenye kifuniko cha sanduku la fizible imeandikwa TAIL, maana yake mukia. Mara nyingi ni ya ampere 15. Fizible hiyo ikiungua, tablo inazimika mbele yako, na kule nyuma motokari yako inapotea gizani.

Lakini taa kubwa za mbele ziko na fizible zao zingine, zinaendelea kuwaka. Taa za freni vilevile. Basi shofere anaona njia muzuri. Anakanyaga freni, kijana wake anaangalia nyuma na kuona wekundu, wote wawili wanasema: « Taa ni nzima. » Hapana. Akiachilia freni tu, nyuma hakuna kitu.

Sasa fikirini njia ya kutoka Lubumbashi kwenda Likasi, karibu kilometa 120, na kutoka pale kwenda Kolwezi. Makamyo yenye kubeba madini, asidi na mafuta yanapita muchana na usiku. Wakati wa kiangazi kuna vumbi, wakati wa mvua kuna ukungu. Kamyo lenye muzigo halisimami kama kinga. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, linapita karibu metre 22 kila sekonde. Kama shofere wake anakuona tu wakati taa zake zimekwisha kukufikia, sekonde moja ya kushituka imekula metre 22, na yeye hajakanyaga freni bado. Na kule nyuma ya kamyoneti yako, juu ya magunia, nani wanaikala? Wamama wa soko. Waimbaji wa koro. Watoto wa ndugu yako.

Basi tufanye kazi. Simamisha motokari mahali sawasawa, vuta freni ya mukono, zima motere.

1. Angalia nyuma kwanza. Washa taa ndogo, usikanyage freni, shuka wewe mwenyewe uzunguke. Kama taa za nyuma zimezimika pamoja na tablo, shaka yetu ya kwanza ni fizible. Kama za nyuma zinawaka na tablo peke yake ni giza, ruka mupaka namba 4.

2. Fizible. Sanduku lake mara nyingi liko chini ya tablo, upande wa shofere, karibu na miguu. Soma kifuniko, chomoa ile ya TAIL, uiangalie kwenye mwangaza. Kauzi ka ndani kakikatika, imekufa. Weka ingine ya namba ileile. Kama ilikuwa 15, weka 15. Wengine wanafunga kipande cha waya, ao karatasi ya kungaa ya sigara. Wandugu, musifanye vile. Fizible inakufa ili waya usiungue. Ukiiondolea kazi yake, waya ndio utaungua, na kisha waya ni motokari.

3. Kama fizible mupya inaungua palepale, usiendelee kuweka ingine na ingine. Kuna waya wenye ngozi yake imetoboka na unagusa chuma. Fuata njia yake chini ya karoseri mupaka kwenye taa za nyuma na taa ya plake. Angalia zaidi mahali mutu aliongeza kitu: radio, taa ya ndani, ao waya za remorki. Kwenye mikono mingi imepita, ndipo kosa linajificha. Funika waya na tepu ya umeme, kisha ujaribu tena.

4. Gurudumu ndogo ya mwangaza. Kwenye tablo nyingi kuna kagurudumu ka kupunguza na kuongeza mwangaza. Mutoto amekachezea, ao kitambaa cha kupangusa vumbi kimekazungusha, na tablo ikazimika. Kazungushe mupaka mwisho, huku na huku, mara kumi. Kama mwangaza unakuja na kuenda, kosa ni hako: vumbi ao kutu imeingia ndani.

5. Ampule. Kama sehemu moja tu ya tablo ni giza, ni ampule. Mbele ya kufungua, chomoa kamba ya batri, ile ya alama ya kutoa (–). Fungua visi pole pole, vuta tablo bila nguvu, sababu nyuma yake kuna kamba ya mwendo na visoketi vya plastiki vyenye vimezeeka. Ampule zinakaa katika vikopo vidogo. Zungusha robo tu, zinatoka. Ile kioo chake kimekuwa cheusi imekwisha kazi. Nunua ya nguvu ileile. Ya nguvu zaidi itatoa moto na kuyeyusha plastiki. Ukikuta ampule nzima lakini haiwaki, angalia njia ndogo za shaba zenye zimebandikwa nyuma ya tablo. Vumbi letu la migodi linapenda pale. Pangusa kwa gome ya kufutia ya watoto wa masomo, si kwa kisu.

6. Masi. Kama taa zinawaka kwa uzaifu, ao mishale ya tablo inaruka wakati unapowasha taa za kona, tafuta waya wa masi wenye umefungwa na kisi kwenye chuma nyuma ya tablo. Fungua, kwangua kutu, kaza tena.

Fundi mwenye ampule ya volti 12 na waya mbili anaweza kupima hivi vyote. Waya moja kwenye chuma, nyingine mbele ya fizible, kisha nyuma ya fizible. Mahali ampule inaacha kuwaka, ndipo umeme unaishia. Kijana, jifunze kipimo hicho. Hakiombi pesa nyingi, na kitakulisha.

Kuna tena taa zingine juu ya tablo, zenye si za kuangazia bali za kuonya: ile ya mafuta ya motere, ya batri, ya freni. Hizi ziko na fizible ingine. Kila asubuhi, tia kontakti bila kuwasha motere. Ya mafuta na ya batri lazima ziwake. Ya freni vilevile, kama freni ya mukono imevutwa. Motere ikiamka, ya mafuta na ya batri zinazimika. Shofere wengi wanafurahi kuona taa nyekundu haiwaki hata kidogo. Lakini ampule yenye kufa na motere yenye afya vinafanana machoni: zote mbili ni giza. Siku mafuta yatakwisha, hakuna mwenye atakuambia, na motere itakwama katikati ya njia. Tena katika motokari nyingi za zamani, umeme wenye kupita katika ampule ya batri ndio wenye kuamsha alternateri. Ampule hiyo ikikufa, batri inaweza kuishiwa, na utafikiri batri ni mubaya wakati kosa ni ampule ndogo.

Na kama taa zinakuacha njiani usiku? Washa taa za kona zote nne pamoja. Hizo mara nyingi ziko na fizible ya peke yake. Toka kabisa kwenye njia, shusha watu wakae mbali na barabara, weka triangle nyuma, mbali ya kutosha. Kisha badilisha fizible, ao ulale pale. Patron atakasirika juu ya muzigo kuchelewa, ninajua. Kwa wengine ndiyo mukate wa nyumba, ninajua vilevile. Lakini muzigo wenye kuchelewa, mutauzungumzia kesho.

Fungueni pamoja na jamaa yenu Kumbukumbu la Torati 22:8. Pale Mungu anaamuru kila mwenye kujenga nyumba mupya aweke ukingo juu ya dari, ili mutu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Zamani watu walikaa na kutembea juu ya dari. Mwenye nyumba aliweza kusema: « Mimi ninajua mwisho wa dari yangu, hata gizani. » Ni kweli. Lakini ukingo haukuwa wa yeye. Ulikuwa wa mugeni mwenye hajui. Ndivyo ilivyo taa ya nyuma. Wewe huioni wakati unaendesha. Inawaka juu ya mutu mwenye hakujui na hajui kama uko pale. Upendo wa jirani, kwa shofere, unaanza na fizible ya ampere 15.

Wamama, na ninyi munaweza kusaidia. Mbele ya kupanda kamyoneti magaribi, mama mumoja azunguke nyuma na kuuliza kwa heshima: « Baba shofere, achilia freni kwanza tuone. » Shofere mwenye akili hatakasirika. Na akikasirika, musipande.

Wiki hii, baba, nunua fizible tatu za kuweka akiba katika kisanduku cha motokari, na mufundishe mutoto wako wa kiume na wa kike namna ya kubadilisha.

Bwana awalinde kwenye njia zote.

Pasta wenu