UN Ilisema Karao Waende Haiti, Jaji wa Nairobi Akasema Tulieni Kwanza

Unakumbuka ile story ya karao wetu kwenda Haiti? Wasee wengi hudhani UN ilisema tu, Ikulu ikaitika, ndege ikapaa. Zii. Hapo katikati kulikuwa na jaji.

Anza na karatasi. Tarehe 2 Oktoba 2023, Baraza la Usalama la UN lilipitisha azimio nambari 2699. Nchi 13 zilipiga kura ya ndio, China na Urusi zikakataa kupiga kura. Azimio liliruhusu kikosi cha kimataifa kiende kusaidia polisi wa Haiti kukabili magenge, Kenya ikiongoza. Sisi tulikuwa tumeahidi karao 1,000.

Lakini shika hilo neno "liliruhusu". UN haina jeshi lake. Ikishaongea, lazima nchi fulani itoe watu, na hao watu wako na katiba ya kwao.

Ndio Ekuru Aukot na wenzake wakakimbia kortini. Tarehe 26 Januari 2024, Jaji Chacha Mwita akaamua hivi: Baraza la Usalama wa Taifa (hili ni la hapa kwetu, usichanganye na lile la New York) linaweza kutuma jeshi nje, si polisi. Polisi wako na sheria yao, na inataka ile nchi wanaenda iwe na makubaliano na Kenya na sheria inayofanana na yetu. Haiti haikuwa imesaini kitu. Bunge lilikuwa limeidhinisha tangu Novemba, na bado haikusaidia.

Kuna wale walisema jaji anaharibia Kenya jina. Mimi naona aliwafanyia kazi. Azimio la New York peke yake halikuwa linampa konstebo wa Kenya ruhusa kwa sheria ya kwao. Serikali ilirudi ikatafuta hiyo ruhusa: Machi 1, Waziri Mkuu Ariel Henry akaja Nairobi makubaliano yakasainiwa. Na hapo pia kulikuwa na shida, juu Henry hakuwahi kuchaguliwa na mtu. Akiwa bado nje magenge yakafunga njia ya kurudi, na kabla mwezi uishe akawa ametangaza atajiuzulu.

Sasa unauliza, hizi sarakasi zote za karatasi ni za nini na watu wanauawa Port-au-Prince? Uliza Wahaiti wenyewe. Mwaka wa 2010 kipindupindu kiliingia huko kupitia kambi ya walinda amani wa UN kutoka Nepal. Karibu watu 10,000 walikufa. Familia zikashtaki New York, korti ikasema UN iko na kinga, haishtakiwi. Pole ya Ban Ki-moon ilikuja Desemba 2016. Miaka sita, maze!

Kwa hivyo ukikosa kuuliza maswali huku nyumbani kabla ndege iondoke, ukiyauliza baadaye kule juu unapata mlango umefungwa. Aukot aliweza kusimamisha hii safari kwa miezi kadhaa juu alishtaki serikali ya Kenya, ambayo haina hiyo kinga mbele ya korti zetu.

Karao wa kwanza walitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024. Ndio, siku ile ile ya Bunge. Wenzao walikuwa hapa kwetu, Parliament Road.