Kapsuli katika maji ya kuku



Tumeulizwa na akina mama wa darsa: je, kuku aliyenyweshwa dawa ya binadamu ni halali kuliwa? Swali hili linagusa nyumba nyingi za hapa Dodoma na njia yote ya kwenda Singida, kwani kuku ndiye akiba ya mama, kitoweo cha mgeni na fedha ya dharura. Anapoanza kuzubaa na kushusha mabawa, mwenye nyumba hukimbilia duka la dawa, hununua kapsuli za tetrasaiklini, huzifungua na kuzikoroga katika maji ya kunywesha banda zima.

Kuku huyo ni halali, na dawa haimgeuzi kuwa haramu. Lakini uhalali wa mnyama haumalizi haki ya mlaji, na hapo ndipo tunapopenda kusimama.

Kwanza, tuujue ugonjwa. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ndio unaofagia mabanda yetu. Huo huletwa na virusi, ilhali tetrasaiklini hupambana na bakteria. Anayetibu mdondo kwa kapsuli hupoteza fedha, na kuku hufa vilevile.

Pili, hatusemi kwamba dawa ya binadamu haimfai kamwe kiumbe mwingine. Huko Florida, Marekani, ambako maradhi yaliyozuka mwaka 2014 yameangamiza matumbawe mengi ya baharini, wataalamu huchanganya amoksilini na malhamu maalumu wakaipaka kwenye kidonda cha tumbawe. Vidonda vingi vilivyopakwa husimama, ingawa vipya huweza kutokea. Lakini wale hupima kiasi, huandika, kisha hurudi kukagua. Sisi hukisia, na kiumbe wetu huishia kwenye sahani ya jirani.

Tatu, dawa hubaki katika nyama na mayai kwa siku kadhaa. Ndiyo maana dawa za mifugo huandikwa muda wa kusubiri kabla ya kuchinja au kuuza. Kapsuli ya binadamu haina maelezo hayo kwa kuku. Zaidi ya hapo, bakteria wanaoonjeshwa dawa kidogo kidogo hujifunza kuihimili, kisha huhama kutoka bandani hadi mikononi mwetu na jikoni. Huo ndio usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 pekee usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo zaidi ya milioni 1.2 duniani. Siku mtoto atakapougua, huenda dawa iliyomalizwa nguvu bandani ndiyo atakayoihitaji.

Tunakumbuka jinsi Mtume (SAW) alivyotia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu uliofichwa chini, akamkemea muuzaji kwa kutouweka juu watu wakauona. Trei ya mayai yenye dawa ndani inatofautianaje na lundo lile? Mnunuzi haoni, haonji, wala hana kipimo. Anachokitegemea ni amana yetu tu.

Basi tufanye yaliyo mepesi. Kuku wazima wachanjwe kabla mdondo haujaingia. Ipo chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini, inayostahimili joto kuliko nyingine. Ni tone moja la jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Jirani wakishirikiana chupa moja, gharama kwa kila kuku huwa ndogo. Kuku akiugua, atengwe, aitwe ofisa mifugo wa kata. Akiandikiwa dawa, tumalize dozi na tusubiri siku zilizotajwa, hata kama mteja yupo mlangoni na fedha mkononi.

Hapo ndipo uchamungu wa mfugaji unapopimwa. Allah atujaalie riziki ya halali isiyomdhuru yeyote. Amin.