NYOOSHA RINGI, USIFUNGUE BREKI



Baiskeli ndiyo lori letu sisi wakulima. Mahindi, mpunga na ufuta hutoka shambani hadi ghala la ushirika juu ya karia. Mgonjwa akizidiwa usiku, jirani mwenye baiskeli ndiye anayegongewa mlango kwanza. Kwa hiyo baiskeli ikiharibika, nyumba nzima inachechemea.

Sasa kuna jambo tunaliona na hatulipendi. Ringi ikipinda, inaanza kugusa raba za breki na baiskeli inakuwa nzito. Mwenyewe anafanya nini? Anafungua breki, anaziweka darini, anaendelea na safari. Ukimwuliza, anasema breki zilikuwa zinamzuia. Jamani, si ndiyo kazi ya breki!

Hakuna kati yetu asiyeijua barabara kuu iendayo Zambia pale inapopita Mikumi. Malori na mabasi hayalali. Mtu anayetoka njia ya Kilosa na gunia nyuma, akifika penye lami bila breki, atasimama kwa kutumia nini? Kandambili? Kandambili haizuii gunia la mahindi. Na wenzetu wanaoteremka milimani na mizigo ya sokoni, hali yao ni hiyo hiyo. Breki ikishafunguliwa, anayelipa ni mama wa watoto.

Wengine wanasema fundi yuko mbali na fedha hakuna. Tunakubali kwamba fundi yuko mbali. Lakini ringi iliyopinda kidogo hunyooshwa nyumbani, chini ya mwembe, kwa spana ya spoki, chaki na uvumilivu. Fuateni hatua hizi:

1. Pindua baiskeli, isimame juu ya tandiko na usukani. Tikisa gurudumu. Likicheza pale katikati, kaza kwanza nati za ekseli na uangalie gololi.

2. Hesabu spoki. Baiskeli nyingi za kubebea mizigo zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, nyingine 36 kila upande. Iliyokatika ibadilishwe kwanza. Iliyolegea utaijua kwa kuigusa na kidole: haina mlio kama wenzake.

3. Funga kijiti kwenye uma kwa mpira wa tyubu kuukuu, ncha yake ikaribie ringi bila kuigusa. Zungusha gurudumu polepole. Ringi inapogusa kijiti, tia alama ya chaki.

4. Tazama spoki za hapo penye alama. Nyingine zimeshika upande wa kulia wa habu, nyingine upande wa kushoto. Kila moja inavuta ringi upande wake. Ringi ikilalia kushoto, kaza za kulia na legeza za kushoto kwa kiasi kile kile. Ikilalia kulia, fanya kinyume. Usihame ulipokaa, usije ukachanganya kulia na kushoto.

5. Zungusha nati ya spoki robo tu ya mzunguko, kisha jaribu tena gurudumu. Ukitazama kutoka upande wa tairi, kufuata mshale wa saa ni kukaza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanakaza kwa hasira, mzunguko mzima, na ringi inakimbilia upande wa pili.

6. Nati yenye kutu usiilazimishe. Itie mafuta, iache ilale mpaka asubuhi.

7. Ukimaliza, vua tairi. Ncha ya spoki iliyotokeza ndani ipigwe tupa, na utepe wa ringi urudishwe, la sivyo tyubu itatoboka. Kisha rudisha tairi na ujaribu breki zote mbili kabla ya kupakia mzigo.

Ringi yenye ufa, au iliyojikunja kabisa, hiyo ni ya fundi. Hapo usijidanganye.

Tena tujue chanzo. Ringi haipindi kwa shimo peke yake. Spoki moja ikilegea, mzigo wake unahamia kwa jirani zake. Nao wakichoka, shimo dogo tu linatosha. Kwa hiyo kagua spoki kabla ya kila msimu, na usipakie magunia mawili pale panapofaa moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pendekezo letu ni hili. Mkutano ujao wa wanachama ukubali ushirika ununue spana mbili za spoki, zikae kwa mtunza ghala. Anayeazima aandike kwenye daftari jina lake, tarehe ya kuchukua na tarehe ya kurudisha. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazazi wetu wengi walishika kalamu kuanzia hapo, na madarasa ya kisomo tunayo mpaka leo. Kisomo si kuandika jina siku ya kupiga kura tu. Ni kusoma ukuta huu, kuhesabu spoki 40 bila kukosea, na kurudisha spana kwa tarehe uliyoiandika wewe mwenyewe.

Anayejua kusoma amsomee jirani yake hatua hizi saba. Na aliyeweka breki darini, leo jioni azishushe.