Mvulana Aliyekosa na Mwalimu Wake

Mara nyingi shule inapopata habari kwamba msichana wa darasa la saba amepata mimba, sisi walimu hushughulika na mmoja tu kati ya watoto wawili waliohusika. Ni haki kuanza na msichana, kwa kuwa ndiye anayebeba mzigo wenyewe, na tangu mwaka 1978, Sheria ya Elimu ilipopitishwa, hadi Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua waruhusiwe kurejea katika shule zao, wengi walipoteza masomo kwa kosa ambalo hawakulitenda peke yao. Lakini leo tumeonelea tuseme juu ya yule wa pili, hasa pale ambapo naye ni mwanafunzi.

Tuichukue kata ya Enguserosambu, wilayani Ngorongoro, kaskazini ya Loliondo karibu na mpaka wa Kenya. Hii ni nchi ya wafugaji na ya msitu ambao wanavijiji wenyewe huutunza. Mwanachuo atakayepangiwa kazi huko atakuta darasani wavulana wakubwa, wengine wa miaka kumi na sita, kwa sababu walichelewa kuandikishwa wakiwa machungani. Hebu tumfikirie mmoja wao. Jana alikuwa akijibu maswali ya hesabu. Leo amekaa nyuma, hatazami ubao, na ukimwita jina anashtuka. Kesho kutwa hayupo. Wenzake wanasema amekwenda Arusha kutafuta kazi ya ulinzi.

Mwalimu asiyefikiri atasema kijana huyo hana haya. Sisi twaona kinyume chake: amekimbia kwa sababu haya imemzidi. Lugha yetu hutofautisha vizuri mambo haya. Mwenye kuona haya huogopa macho ya watu, naye hujificha. Mwenye kujuta huutazama uovu wa tendo lake na kumfikiria aliyemdhuru. Na mwenye hofu hafikiri lolote ila adhabu. Kazi ya mwalimu ni kumtoa mtoto katika hofu na haya, amfikishe kwenye majuto yenye manufaa. Na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwani tunaongeza hofu tukidhani tunafundisha adabu.

Chukua sheria. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa mtu anayempa mimba mwanafunzi wa kike, na namba hiyo inajulikana hata na watoto wadogo, maana walimu huitaja kila siku mstarini. Wachache huwaambia kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mahakama kumhukumu kifungo mtoto aliye chini ya miaka 18. Kosa lake halifutiki kwa sababu hiyo, na vyombo vya sheria vina njia nyingine za kumshughulikia. Lakini mvulana anayeamini kwamba akifungua mdomo ataozea gerezani hatakiri kamwe. Atakana, na kukana kwake kutamwangukia msichana, ambaye ataitwa mwongo mbele ya wazazi wake. Je, tumempa nani haki hapo?

Yafaa basi mwanachuo ajizoeze namna ya kuzungumza na kijana wa aina hiyo. Asimwite mbele ya darasa, wala asimwite ofisini walimu wote wakiwepo. Amkute pembeni, ikiwezekana pamoja na mwalimu anayeijua lugha ya Kimaasai, kwa sababu mtoto hufikiri juu ya mambo mazito kwa lugha ya nyumbani kwao, na Kiswahili cha darasani humpa majibu ya darasani tu. Mwalimu asimwahidi siri. Jambo hili hapana budi lifike kwa mkuu wa shule na kwa wazazi wa pande zote mbili, na kumdanganya mtoto ni kumfundisha kutomwamini mtu tena. Asimwambie kwamba si neno, kwa maana ni neno kubwa, nalo yeye mwenyewe analijua. Ila amwulize swali moja: sasa utamfanyia nini yeye na mtoto?

Twajua tutaambiwa kwamba wazee hulimaliza jambo la namna hii kwa mifugo. Huenda, lakini ng'ombe hutoka zizini kwa baba, na mvulana anaweza kubaki bila kujifunza chochote, moyo wake ukiwa umefungwa vilevile.

Tukiri pia udhaifu wetu. Mada ya uzazi imo katika somo la sayansi, na ni walimu wangapi huipita kwa dakika kumi, macho yao yakiwa dirishani? Baadaye twastaajabu.

Na mvulana akitoweka, mwalimu wa darasa asiharakishe kulikata jina lake katika daftari la mahudhurio. Aende kwao, hata kama ni mwendo wa nusu siku, amwulize mama yake kijana alikopelekwa, na amwachie ujumbe kwamba dawati lake bado lipo.