Baraza Halina Leseni

Kuna kauli inayotembea pwani yetu yote, tangu Moa hadi Mkwaja, na husemwa kwa majivuno: sisi hatuhitaji mwanasaikolojia, tuna wazee. Mwenye jambo zito aende barazani, anywe kahawa, aseme. Likimshinda mzee lipo kwa shehe, likimshinda shehe lina mganga wake. Mwanasaikolojia ni wa Wazungu na wa watu wa Dar es Salaam wenye pesa za kuchezea.

Kauli hii ni ya uongo, tena inaumiza watu.

Mchukue mvuvi aliyepinduka na ngalawa wakati wa kusi, mwenzake akazama, yeye akaokoka. Miezi inapita halali. Akifumba macho anasikia maji. Chombo amekiacha mchangani mpaka jua limekipasua. Barazani anaambiwa, "Jikaze, mwanangu, wewe mwanamume." Nyumbani anaandikiwa kombe kwa zafarani, analiosha, anakunywa. Sina ugomvi na kombe. Dua ni dua, na wapo wanaotulia. Lakini hofu ya namna ile ina tiba yake, inayosomewa, na haimzuii mtu kusali.

Tena baraza lina kasoro ambayo wanaolisifu huikwepa: halitunzi siri. Umesema alasiri, kabla ya isha mama mkwe anajua. Ndiyo maana yaliyo mazito hasa hayafiki pale. Mke anayepigwa atamwambiaje mzee ambaye mpigaji ni mpwa wake? Na kijana anayewaza kujiua, ilhali Kanuni ya Adhabu yetu inamhesabu anayejaribu kuwa mkosaji, aseme mbele ya nani?

Hapo ndipo leseni ina kazi. Mtaalamu aliyesajiliwa akitoa siri yako, au akikutaka kimapenzi, kipo chombo cha kumwita, kumhoji na kumfutia usajili. Mzee utamshtaki wapi? Kenya walitunga Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia mwaka 2014 kwa sababu hiyo hiyo. Huku kwetu kila mwenye sauti nzito redioni anajiita mwanasaikolojia. Hao nawaweka kundi moja na baraza, ila baraza angalau halitozi.

Na huo ugeni unaosemwa uko wapi, katika mkoa huu wa Tanga? Lutindi, kule milimani Korogwe, wagonjwa wa akili wanatibiwa tangu 1904. Ndiyo, walioanzisha ni wamisionari wa Kijerumani. Chanjo za watoto wetu nazo zilitoka Mkwaja?

Shida ya kweli ni umbali. Mkwaja iko kusini kabisa mwa Pangani, imepakana na Hifadhi ya Saadani, na nauli ya kwenda mjini si ya kila siku. Hilo ndilo la kupeleka halmashauri. Lakini diwani atadai vipi huduma ambayo wapiga kura wake wanajisifu kwamba hawaihitaji?

Kwa sasa anzia zahanati. Usiseme kichwa kinauma. Sema hulali, sema unachokiwaza. Omba rufaa ya Pangani, na ikibidi ya hospitali ya Bombo, Tanga. Ukifikishwa kwa anayejiita mtaalamu, muulize amesajiliwa wapi na namba yake ni ipi. Akikasirika, ondoka.